Sinki Likigoma Kupitisha Maji

Mwezi huu tuingie jikoni, tena tuiname kabisa chini ya sinki, mahali ambapo wengi wetu tumewaachia mende. Maji ya kuoshea vyombo yanasimama, yanashuka pole pole yakiacha utando wa mafuta pembeni, na harufu inaanza kupanda. Baba anasema fundi atakuja kesho. Kesho ya fundi mnaijua.

Kwanza tujue tatizo liko wapi. Kama maji ya bafuni yanakwenda vizuri na sinki la jikoni peke yake ndilo linalogoma, uchafu uko karibu. Lakini kama maji mnayomwaga jikoni yanatokea kwenye sakafu ya bafu, au choo kinatoa mapovu, msihangaike chini ya sinki. Kizuizi kiko nje kwenye chemba, au shimo limejaa, na hiyo si kazi ya mama mwenye kanga kiunoni.

Kinachoziba jikoni mara nyingi ni mafuta. Hupita yakiwa ya moto, bomba likipoa yanaganda, hasa yale ya mgando na ya nyama. Punje za wali na majani ya chai hunasa hapo, na tundu linazidi kuwa jembamba. Ndiyo maana sufuria ya mafuta ifutwe kwa karatasi kabla ya kuoshwa.

Chukueni kile kikombe cha mpira chenye mpini. Acheni maji ya kutosha kukifunika, zibeni kwa kitambaa kibichi lile tundu dogo la juu ya sinki, na kama sinki lina mabakuli mawili, zibeni na la pili, la sivyo mtasukuma hewa bure. Sukumeni na kuvuta kwa nguvu mara ishirini hivi. Yakigoma, wekeni ndoo chini ya ile sehemu ya bomba iliyopinda kama herufi U, mlegeze nati zake. Za plastiki hulegea kwa mkono. Safisheni kwa brashi kuukuu na sabuni, rudisheni zile pete za mpira mahali pake, kisha pitisheni karatasi kavu kwenye maungio kuona kama panavuja. (Na ile ndoo msiimwage kwenye sinki hilo hilo!) Fundi akitaka kuiondoa hiyo U moja kwa moja, mkatalieni. Maji yanayobaki ndani yake ndiyo yanayozuia harufu na wadudu.

Wenye mashine ya kuoshea vyombo, hasa zile kuukuu zilizonunuliwa mkononi, maji yakibaki chini baada ya kuosha, ichomoeni kwanza kwenye umeme. Toeni kichujio kilicho chini, mtakuta mabaki ya chakula, na pengine kipande cha gilasi, kwa hiyo msipapase kwa vidole vitupu. Kisha angalieni mpira wa kutolea maji kama umekunjika nyuma ya mashine. Mara nyingi mpira huo umeunganishwa na bomba la sinki, na sinki likiziba mashine nayo inagoma. Lawama inaiangukia mashine bure.

Sasa kostiki soda. Wale mnaotengeneza sabuni mnaifahamu. Ikikutana na maji hupata joto kali ghafla. Ikimwagwa kwenye bomba lililoziba kabisa hukaa pale pale, na atakayefungua nati baadaye inammwagikia mikononi. Msiichanganye na dawa nyingine yoyote ya kuzibulia. Hata jiki na dawa ya choo yenye asidi zikikutana hutoa hewa ya sumu inayokaba kifua.

Lakini kinachotusumbua zaidi sisi wauguzi ni ile chupa. Kostiki inanunuliwa kidogo, inakorogwa, inawekwa kwenye chupa ya soda na kusukumwa chini ya sinki, pale pale anapofika mtoto anayetambaa. Funda moja linaweza kuunguza koo na njia ya chakula, na kidonda kikipona njia ile husinyaa, mtoto asiweze kumeza hata uji bila kurudi hospitali kupanuliwa mara kwa mara. Huko Marekani, daktari Chevalier Jackson alitibu watoto wa namna hiyo, akapigania sheria iliyopita mwaka 1927 ya kuweka maandishi ya sumu kwenye makopo ya kostiki. Chupa ya soda haina maandishi hayo. Kostiki ikae kwenye chombo chake, juu kabatini, na kufuli.

Mtoto akiinywa, msimtapishe. Ikipanda inaunguza mara ya pili. Msimpe ndimu wala siki kwa kudhani zitaikata, wala msimlazimishe maziwa. Mfuteni na kumsuuza mdomo kwa maji, ayateme maji hayo nje bila kuyameza kama ana umri wa kuelewa, mkimbilie hospitali hata kama midomo haina alama. Ikimwingia machoni au kwenye ngozi, vueni nguo zilizolowa na mwoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 bila kupunguza, hata akilia, ndipo mwondoke. Chupa yenyewe mwende nayo, daktari ataiulizia.