Fundi mpya aanze na kigoda

Kijana akimaliza kujifunza useremala, swali la kwanza analoulizwa nyumbani ni lini atatengeneza kitanda. Mjomba anataka kabati, jirani anataka meza ya kulia chakula, na yeye mwenyewe anatamani kuonyesha kwamba ada haikupotea bure. Anapokea malipo ya awali, ananunua mbao na kuanza kazi. Baada ya wiki tatu kitanda kinalia kila kikilaliwa, mlango wa kabati haufungi, na hela ya mteja imeishia kwenye vipande vilivyokatwa vifupi. Hapo watu husema kijana hajui kazi. Kumbe amepewa kazi ya mwaka wa tano katika mwezi wake wa kwanza.

Aanze na kigoda.

Kitanda kinamwingiza kwenye ushindani na mafundi wa Keko jijini Dar es Salaam, au na wale wa Gikomba na Ngong Road jijini Nairobi, watu wenye mashine, wasaidizi na wateja wa miaka mingi. Kigoda kinamfikisha kwa msusi ambaye mteja wake hukaa chini kwa saa nne akisukwa, kwa mama ntilie anayehudumia jiko kuanzia alfajiri, kwa fundi viatu wa kona, kwa bibi anayechagua mchele barazani. Hao wote wako mtaani kwake, na hakuna anayehitaji mkopo ili anunue kigoda. Kikiharibika, fundi amepoteza kipande cha ubao, na jina lake limesalimika.

Hesabu yake inaingia katika ubao mmoja. Ubao wa msindano wa inchi moja kwa nane, wenye urefu wa futi 12, una inchi 144. Kigoda kimoja kinataka inchi 14 za kibao cha kukalia, vipande viwili vya inchi 9 kwa miguu, na kipande cha inchi 12 kinachopasuliwa katikati ili kutoa mbao mbili za ubavuni. Jumla ni inchi 44. Vigoda vitatu vinakula inchi 132, na 12 zinazobaki zinafidia njia ya msumeno na ncha zenye nyufa, ambazo karibu kila ubao unazo.

Miguu hupunguzwa upana hadi inchi 6 ili mbao za ubavuni zikae chini ya kibao bila kuchomoza. Nyuzi za mbao kwenye mguu lazima zisimame, ziende juu na chini. Zikilala, siku mtu mzito atakapokaa mguu utapasuka kama ganda la muhogo. Tundu la skrubu litobolewe kwanza kwa keekee nyembamba, kwa sababu skrubu inayolazimishwa karibu na ncha ya ubao huupasua. Kisha msasa, kuanzia wa kukwaruza hadi laini, na kingo zote za kibao ziviringishwe kidogo. Mnunuzi wa kigoda hapimi pembe kwa skwea. Anakipindua, anapitisha kiganja chini yake, anakiweka sakafuni na kukitikisa. Kikicheza au kikimchoma kibanzi, mazungumzo ya bei yameisha.

Kuna kosa moja ambalo halionekani siku ya kuuza. Mbao nyingi za misindano, zikiwemo zinazotoka mashamba makubwa kama Sao Hill huko Mufindi, hufika sokoni zikiwa bado na maji. Mbao ikikauka husinyaa, na husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Kibao kibichi kilichobanwa kwa misumari kila upande hakina pa kusinyaa, hivyo hupasuka kikiwa tayari sebuleni kwa mtu. Dawa yake ni subira: mbao zipangwe kivulini, zilazwe juu ya vijiti ili hewa ipite kati yake, ziachwe wiki kadhaa. Fundi mwenye mtaji wa ubao mmoja huona hilo ni anasa. Ndiyo maana anunue ubao wa pili mara tu akiuza vigoda vya kwanza, uwe unakauka huku akihangaika na mwingine.

Kwenye bei ndiko vijana wengi huumia. Tuseme ubao, skrubu, gundi, msasa na vanishi vimegharimu shilingi 15,000 za Tanzania kwa vigoda vitatu. Kila kimoja kimebeba 5,000 kabla ya jasho. Akiuza kwa 7,000 amebakiwa na 6,000 kwa siku mbili za kazi, na nauli haijatoka. Hawezi kupandisha bei apendavyo, maana kiti cha plastiki kipo duka la jirani. Anachoweza kupunguza ni siku. Achonge kigezo cha kila kipande, akate miguu yote kwa mkupuo, atoboe yote, apige msasa yote, ndipo aunge. Kigoda cha kwanza kikichukua siku nzima, cha ishirini hakitamaliza asubuhi, na mkono unaokata kipande kilekile mara arobaini hujifunza kunyoosha msumeno kwa namna ambayo kitanda kimoja hakiwezi kuufundisha.

Kurudia huko kumewahi kujenga uchumi wa eneo zima. Huko Wamunyu, Ukambani nchini Kenya, biashara ya kuchonga vinyago huhusishwa na Mutisya Munge, aliyerudi nyumbani baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia akiwa na ujuzi alioupata Tanganyika. Kutokana na mbegu hiyo walikuja wachongaji maelfu, na mwaka 1963 ushirika wao wa Changamwe, Mombasa, ukaanzishwa. Walichonga vitu vidogo vya aina ileile kwa wingi. Lakini historia hiyo ina makovu mawili ambayo fundi mpya ayaangalie vizuri. Muhugu, mti walioupenda, ulikatwa hadi ukawa adimu, wakalazimika kugeukia mwembe, mwarobaini na jakaranda. Na wateja wao wakubwa walikuwa watalii: Korona ilipofunga viwanja vya ndege mwaka 2020, meza za vinyago kote pwani zilikosa mnunuzi. Mama ntilie hakupanda ndege.

Wapo wanaoanza na mapaleti yanayotupwa na maghala ya bandarini, na si wazo baya, ila wasome muhuri. Herufi HT maana yake mbao zilitibiwa kwa joto, hadi nyuzi 56 ndani kabisa kwa dakika 30. Herufi MB maana yake zilipigwa gesi ya methyl bromide, ambayo ni sumu. Hizo zisiguse jikoni wala kitanda cha mtoto. Hata paleti la HT halifai kwa kibao cha kukatia nyama, kwa sababu hakuna ajuaye lilimwagikiwa nini safarini. Kibao cha kukatia kitoke kwenye mwembe uliokauka, kipakwe mafuta ya kula badala ya vanishi.

Mkono ukishazoea kigoda, ngazi inayofuata kwa watu wa pwani ni mbuzi ya kukunia nazi. Ile inayokunjwa ina mbao mbili zinazopishana juu ya pini moja, na ulimi wa chuma wenye meno ambao hununuliwa kwa mfua vyuma. Pini ikikaa nje ya mstari kwa robo inchi, mbuzi inayumba na nazi inamponyoka mkunaji. Marufaa ya msahafu yaje baadaye sana, hasa yale yanayochongwa kutoka ubao mmoja bila bawaba ya chuma, maana pale patasi ikiteleza mara moja ubao wote umekwenda.

Vyuo vya ufundi vingeweza kuanza na hili muhula ujao bila bajeti mpya. Kila mwanafunzi apewe ubao mmoja wa futi 12, atoe vigoda vitatu, avipeleke sokoni mwenyewe, na arudi darasani na hela ya ubao wa pili pamoja na maneno aliyoambiwa na wanunuzi. Mwalimu aandike alama zake siku hiyo, huku kigoda kimoja ambacho hakikununuliwa kikiwa mezani mbele yao.