Wagonjwa Si Mazimwi

Msomaji mpenzi, ikiwa nyumbani kwako kuna kijana mwenye kompyuta, huenda umekwisha kumwona ameketi gizani, hedifoni masikioni, macho yameganda kwenye kioo, na mara akashtuka kana kwamba ameumwa na siafu. Usidhani kwamba amepagawa. Yumo ndani ya jengo la kigeni, taa yake imezimika, na kuna mtu anayemfuata nyuma katika ujia. Jengo hilo halipo, na mtu huyo hayupo. Lakini hofu anayoisikia kijana wako ipo, nayo ni ya kweli.

Jumapili hii ningependa tuizungumzie michezo ya aina hiyo, na hasa matumaini ya wapenzi wake juu ya sehemu zinazofuata. Wazee watakumbuka jinsi wasomaji wa miaka ya 1970 na 1980 walivyokuwa wakingoja kitabu kipya cha Willy Gamba kutoka kwa marehemu Elvis Musiba, kila mmoja akiwa na lake la kumshauri mwandishi. Vijana wa leo hawana tofauti na wale. Kilichobadilika ni chombo tu.

MACHO YAKO NDIYO YAKE

Katika michezo mingi ya kompyuta mchezaji humwona shujaa kwa mbali, kama mtazamaji wa mpira awaonavyo wachezaji kutoka jukwaani. Katika aina hii shujaa haonekani kamwe, maana wewe ndiwe shujaa. Unaona mikono yake tu, na kila ukigeuza kichwa chako, ndicho chake kinachogeuka. Kazi yako ni kutembea, kupekua, kusoma barua zilizoachwa mezani, kufumbua mafumbo, na kufungua milango mmoja baada ya mwingine.

Mwaka 1993 ndugu wawili wa Kimarekani, Rand na Robyn Miller, walitoa mchezo uitwao Myst. Ndani yake hamkuwa na bunduki. Palikuwa na kisiwa kitupu, vitabu, mitambo na mafumbo. Mwaka 1997 ukafuata Riven. Humo mchezaji huingia katika chumba kidogo cha shule, akakuta kitu cha kuchezea cha watoto, na kwa kukichezea akazijua tarakimu za wenyeji wa pale. Hakuna mwalimu anayemsimamia. Baadaye elimu ile ile ndiyo inayomfungulia njia. Hadi leo wapenzi wa michezo hii hutaja Riven kama mfano wa mwendelezo ulioushinda mwanzo wake, kwa sababu kila fumbo lilitoka katika maisha ya mahali penyewe.

Si kila mwendelezo uliobahatika hivyo. Mwaka 2010 kampuni ya Frictional Games ya Uswidi ilitoa Amnesia: The Dark Descent. Mchezaji alibeba taa ya mafuta katika ngome ya kale. Akikaa gizani mno, au akilitazama zimwi mno, akili yake ilianza kuyumba: kuta zikacheza, macho yakaingia ukungu. Mwaka 2013 ilipokuja sehemu iliyofuata, A Machine for Pigs, hesabu ile ya akili iliondolewa, na mafuta ya taa yakawa hayaishi. Wengi walinung'unika. Walisema wamepewa hadithi nzuri ya kutazama, lakini wamenyang'anywa kazi ya kufanya. Basi tujue kwamba manung'uniko ya washabiki si upuuzi. Mchezaji huyajua maumbile ya mchezo kama fundi cherehani ajuavyo kitambaa: anajua palipovutwa na palipolegea.

WANACHOKINGOJA

Mchezo unaozungumzwa sana katika fungu hili ni Outlast, uliotolewa mwaka 2013 na kampuni ya Red Barrels ya Montreal, Kanada. Shujaa wake ni mwandishi wa habari anayeingia usiku katika hospitali ya wagonjwa wa akili iitwayo Mount Massive, huko Colorado, Marekani, ili kufichua maovu yanayotendeka humo. Hana silaha. Ana kamera inayoona gizani, na betri zake huisha. Akifukuzwa, ama akimbie, ama ajifiche uvunguni mwa kitanda. Sehemu ya pili, ya mwaka 2017, iliuhamisha mkasa hadi katika nyika ya Arizona, na baadaye ukaja The Outlast Trials, ambao wachezaji wanaweza kuucheza pamoja. Ya tatu waundaji wenyewe wamekwisha kusema kwamba itakuja.

Ukiwasikiliza washabiki, utayasikia matakwa yanayofanana. Wanataka shujaa aendelee kukosa silaha, kwa kuwa mwenye bunduki haogopi. Wanataka mafumbo yaongezwe, kwani kukimbia peke yake huchosha. Wanataka betri zibaki adimu, ili giza liwe na maana. Na wako wanaotaka turudishwe hospitalini, mahali ulipoanza mkasa wote.

Hapo pa mwisho ndipo ninapopenda tukae kidogo.

NANI ANAYEKUKIMBIZA?

Kwa haki, ni lazima tuseme kwamba katika Outlast mkosaji mkuu ni kampuni ya kubuni iitwayo Murkoff, iliyowafanyia wagonjwa majaribio ya kikatili. Mwandishi wa hadithi ameliweka hilo wazi. Lakini kijana aliye gizani, moyo ukimdunda, haikimbii kampuni. Anayekuja na kisu mkononi ni mgonjwa. Anayepiga kelele nyuma ya mlango ni mgonjwa. Baada ya saa nane za kukimbia, kinachobaki rohoni si hati za kampuni. Kinachobaki ni sura ya mtu aliyevaa nguo za hospitali, na somo lililojengeka bila kutamkwa: mgonjwa wa akili ni zimwi.

Utasema, ndugu msomaji, kwamba mchezo ni mchezo. Nakubali. Lakini somo hilo linakuja katika nyumba ambayo tayari imepasuka. Hapa kwetu jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma iliyowatibu maelfu tangu mwaka 1927, limegeuzwa tusi la vijiweni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 970 duniani walikuwa na tatizo la afya ya akili, yaani mmoja katika kila wanane. Hesabu watu wa nyumba yako, uongeze na za majirani, utaona kwamba hatuzungumzi juu ya watu wa mbali. Walio wengi katika hao hawamdhuru mtu. Aghalabu wao ndio wanaodhuriwa, kwa kupigwa, kuibiwa na kufungiwa ndani. Na kila anayeogopa kuitwa kichaa huuficha ugonjwa wake, akachelewa kutibiwa, na ugonjwa ukakomaa.

HOSPITALI YA MLIMANI

Kwa kuwa washabiki wanataka hospitali, hebu niwapeleke katika hospitali ya kweli. Ukitoka Dar es Salaam ukapita Chalinze, kisha Segera iliyo upande wa Handeni, utafika Korogwe, na hapo milima ya Usambara itakusimamia mbele. Juu huko, katika nchi ya misitu, ukungu na chai, ndiko iliko Lutindi.

Mwaka 1896 wamisionari wa Kijerumani walifungua Lutindi makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Hao walikuwa watoto wasio na kwao, waliotenganishwa na wazazi katika njia za misafara iliyokuwa ikishuka pwani. Mwaka 1904 mahali hapo pakageuzwa kuwa makao ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa ya mwanzo kabisa katika Afrika Mashariki yote. Misheni hiyo ilikuwa na uhusiano na Bethel, karibu na mji wa Bielefeld, mahali palipoanzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya wenye kifafa, na ambapo kazi ilihesabiwa kuwa sehemu ya uuguzi. Mawazo hayo yalipanda hadi Usambara. Hospitali ya Lutindi ingalipo, chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, na pamoja na dawa, wagonjwa hushiriki kazi za shamba, za chai na za mikono. Mtu aliyeambiwa kwao kwamba hafai kitu hukabidhiwa jembe, akaona jioni kwamba tuta limepaliwa, na mpaliaji ni yeye.

Sasa, mtu akiutazama mkasa huo kwa jicho la mwundaji wa michezo, ana haja gani ya kubuni majini? Ukungu upo. Msitu upo. Jengo lenye tabaka mbili za historia lipo: chini watoto wa utumwani, juu yao wagonjwa. Hofu ipo, na huzuni ipo, bila kumpa mgonjwa kisu.

NINGEKUWA MSHAURI WAO

Laiti waundaji wa mchezo wa namna hii wangeniuliza, ningewashauri mambo manne.

La kwanza, mchezaji awe ndani ya mgonjwa, au awe ndugu yake aliyekuja kumtafuta. Macho ya shujaa yanapokuwa macho yako, hapana njia bora kuliko hiyo ya kumweka mtu mzima katika kichwa cha mwenziwe. Kampuni ya Ninja Theory ya Uingereza ilijaribu jambo la jamaa na hilo katika Hellblade: Senua's Sacrifice ya mwaka 2017, japo humo mchezaji humtazama shujaa kwa nyuma. Katika kuutunga, walishauriana na Paul Fletcher, profesa wa Cambridge wa elimu ya magonjwa ya akili, na watu waliowahi kusikia sauti zisizosikiwa na wengine. Mchezaji anapovaa hedifoni, sauti hizo humzunguka, moja ikimkejeli sikio la kushoto, nyingine ikimwonya sikio la kulia. Mchezo ule ulipata tuzo 5 za BAFTA mwaka 2018, na mwendelezo wake ukatoka mwaka 2024. Basi asiseme mtu kwamba heshima kwa mgonjwa huua biashara.

La pili, mafumbo yatoke katika maisha ya mahali, kama yalivyo katika Riven. Mchezaji ajifunze Lutindi kwa kuishi Lutindi: ajue ni kengele ipi inaita shambani na ipi inaita chakulani, ni chani lipi la chai linalochumwa na lipi linaloachwa, ni njia ipi hupitika ukungu ukishuka. Katika chumba cha stoo akute kitu cha kuchezea cha mtoto wa mwaka 1896, na kwa hicho aanze kuitafuta habari ya wale waliolala pale kabla ya wagonjwa.

La tatu, anayekimbiza asiwe mgonjwa. Hofu ya kweli ya mgonjwa ni kamba aliyofungwa nayo nyumbani, ni watoto wanaomrushia mawe njiani, ni mnong'ono unaokatika kila aingiapo chumbani. Aibu ya ukoo ina miguu mirefu kuliko zimwi lolote, nayo humfuata mtu hata mchana. Mwundaji stadi anaweza kuifanya aibu hiyo isikike ikikukaribia nyuma ya mgongo.

La nne, na kubwa kuliko yote, ni mwisho wa mchezo. Katika Outlast kinachotafutwa ni kutoka hospitalini. Katika mchezo ninaoutamani, kutoka si mwisho. Hospitali za wagonjwa wa akili nchini zimepata kulalamika kwamba wako watu waliokwisha kupata nafuu, wakaruhusiwa, na hakuna ndugu anayekuja kuwachukua. Basi mchezaji ateremke mlima, afike Korogwe, apande basi, aende hadi kijijini kwao, abishe hodi. Katika mchezo mzima atakuwa amefungua milango mia kwa funguo na kwa mafumbo. Mlango huu mmoja hauna ufunguo upande wake. Hufunguliwa kutoka ndani.

WAZAZI NA VIJANA

Kwenu wazazi, nina neno moja la kawaida. Outlast umewekewa alama ya watu wazima, miaka 18 kwa kipimo cha Ulaya, na alama hiyo haikuwekwa kwa mapambo. Mwenye mtoto wa miaka kumi na miwili amtafutie mwingine. Kwa aliyefikia umri, kupiga marufuku hakufai kitu. Keti naye nusu saa, umwulize huyo anayemfukuza ni nani, na aliugua nini. Mazungumzo hayo yatamfaa kuliko hotuba.

Nanyi vijana, msingoje kila kitu kije kwa ndege. Mwaka 2015 Mkenya Andrew Kaggia alitoa Nairobi X, mchezo unaochezwa kwa macho ya shujaa katika mitaa ya Nairobi. Ikiwa Nairobi imeingia katika kioo cha kompyuta, Usambara itazuiwa na nini? Ila mtakapoitunga hospitali yenu, kumbukeni kwamba mchezaji atakayeiwasha anaweza kuwa na mama aliyelala katika hospitali kama hiyo. Mtungieni yeye kwanza. Akiweza kuucheza hadi mwisho bila kuinamisha uso, mtakuwa mmetunga mchezo mzuri.

Tuonane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.