Karata kuukuu: Ni mali ya kuweka au ni kamari nyingine?

Si jambo geni katika mabaraza ya mwambao kuwaona watu wanne wamekaa mkekani baada ya alasiri, karata mikononi, na wengine sita wamewazunguka wakiwafundisha kucheza bila ya kuombwa. Lililo geni ni kusikia karata zikitajwa kuwa mali. Tangu mwaka wa 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya maradhi ya korona, biashara ya kukusanya karata za kila namna ilivuma sana huko Marekani, Ulaya na Japani, na habari zake zikatufikia huku kwa njia ya simu. Vijana wetu husikia kwamba karata moja imeuzwa kwa mamilioni ya dola, nao huuliza: je, nikinunua pakiti leo nikaiweka bila ya kuifungua, mwanangu hatakuja kuiuza kwa bei ya nyumba?

Swali hili lina upande wa hesabu na upande wa dini, na pande zote mbili tutazitazama. Lakini kwanza yafaa tuijue asili ya kitu chenyewe, maana wengi wetu twadhani karata ni uzushi wa Wazungu tulioletewa bandarini pamoja na mvinyo.

Tuanze na majina. Mchezaji wa Mombasa, Lamu au Unguja husema kopa, uru, shupaza na pau. Majina haya ni ya Kireno. Yaliachwa hapa na watu wale wale walioanza kuijenga Fort Jesus mwaka wa 1593 na wakatolewa humo mwaka wa 1698. Kwao wao, "copas" ni vikombe, "ouros" ni dhahabu, "espadas" ni panga na "paus" ni magongo. Neno karata lenyewe limetoka kwao, na turufu pia. Sasa chukua pakiti yoyote iliyo dukani uitazame. Utaona moyo mwekundu, lakini kikombe hakuna. Upanga pia hauuoni, wala gongo. Picha tunazozijua leo ni za Kifaransa. Zilizo za zamani ziliondoka kitambo, na majina yetu yamebaki yakizitaja picha ambazo mchezaji hakuziona maishani mwake.

Vikombe, dhahabu, panga na magongo vilitoka wapi, basi? Mwaka wa 1931 mtaalamu wa sanaa za Kiislamu, L. A. Mayer, aliziona katika kasri la Topkapı, Istanbul, karata zilizochorwa kwa mkono katika zama za masultani wa Kimamluki wa Misri. Ni karata kubwa, urefu wake kama sentimita 25, zimetiwa rangi ya buluu na dhahabu. Pakiti yake ilikuwa ya karata 52, ijapokuwa chache zimepotea, na imegawanyika mafungu manne: vikombe, sarafu, panga na magongo ya polo, mchezo ambao mabwana wa Kimamluki waliupenda mno. Hazina picha ya mtu hata mmoja. Mfalme hakuchorwa uso. Cheo chake kimeandikwa tu kwa hati nzuri ya Kiarabu. Chini ya mfalme yuko naibu wa mfalme, na chini ya naibu yuko naibu wa pili.

Neno "naibu" lina habari yake. Mwaka wa 1377 mji wa Florence, Italia, ulitoa amri dhidi ya mchezo mpya ulioingia mjini, uitwao "naibbe". Wahispania mpaka leo huziita karata "naipes". Wataalamu wengi waona kwamba maneno hayo hayakutoka penginepo ila kwa yule naibu wa Kimamluki. Na kwa kuwa watu wa Ulaya wakati ule hawakuyajua magongo ya polo, waliyachora kama marungu na fimbo tu, na hivyo ndivyo yalivyomfikia Mreno, na Mreno akatuletea sisi pau. Waislamu wa pande nyingine nao walikuwa na karata zao. Babur, aliyeasisi dola ya Kimughali huko Bara Hindi, ameandika katika kumbukumbu zake kwamba mwaka wa 1527 alimpelekea mtawala wa Sindh karata za ganjifa, kwa kuwa mtawala huyo alizipenda akaziomba.

Mreno hakuishia kwetu. Katika karne hiyo hiyo ya 16 aliifikisha "carta" yake Japani, na Wajapani wakaiita "karuta". Walipopigwa marufuku karata za kigeni walibuni za kwao, miongoni mwazo zile za maua ziitwazo "hanafuda". Mwaka wa 1889, katika mji wa Kyoto, ilianzishwa kampuni ndogo ya kutengeneza hanafuda. Kampuni hiyo iliitwa Nintendo. Ni Nintendo hii hii ambayo katika mashine zake ulianza mchezo wa Pokémon mwaka wa 1996, na karata za Pokémon zikatoka Japani mwaka huo huo. Kwa hiyo kijana wa leo anayeota utajiri wa karata za Pokémon, na mzee anayetupa pau barazani, wote wawili wameshika matawi ya mti mmoja.

Turudi kwenye swali la bei. Mfano unaopendwa na wakusanyaji ni wa pakiti moja ya karata 52 iliyochorwa kwa mkono katika nchi za Burgundy kiasi cha mwaka wa 1475. Mwaka wa 1978 mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale wa Amsterdam aliinunua kwa dola 2,800. Akaichunguza kwa miaka kadhaa, akauthibitisha umri wake, na mwaka wa 1983 jumba la makumbusho la Metropolitan la New York likainunua kwa dola 143,000. Ni faida kubwa bila shaka, lakini tuangalie imepatikana vipi. Ni pakiti kamili, haikupungua hata karata moja kwa miaka mia tano, na dalili zaonyesha kwamba haikuchezwa sana. Na yule bwana hakulipwa kwa kuwa na karata, bali kwa kujua asichokijua aliyemuuzia. Elimu ndiyo iliyopanda bei.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi na watu wa kawaida. Mwaka wa 1970 nyumba moja ya kamari huko Nevada, iitwayo Jerry's Nugget, iliagiza karata zake zenyewe. Ziliuzwa kwa miaka mingi katika duka lake kwa bei ya kutupa, kama kumbukumbu ya kuchukua nyumbani. Zilipomalizika, wafanya viini macho wakazisifu kwa ulaini wake, na pakiti iliyokuwa haimalizi dola mbili ikawa yauzwa kwa mamia ya dola. Hakuna aliyekusudia jambo hilo. Mwaka wa 2019 zikapigwa chapa upya kwa ajili ya hao hao wanaozitamani. Laiti mtu angelizinunua sanduku zima zilipokuwa rahisi, angelitajirika. Lakini dukani siku ile zilikuwako karata nyingine nyingi zilizofanana nazo kwa bei, na hizo leo hakuna azitakaye.

Hapa ndipo hesabu inapowashinda wengi. Tazama karata za Bicycle, ambazo zimepigwa chapa Marekani tangu mwaka wa 1885. Wachezaji wa dunia nzima wazijua, ni imara, zateleza vizuri mkononi, na kwa sababu hizo hizo hazina bei: aitakaye aenda dukani akanunua mpya. Kitu kinachopatikana kila duka hakimpi mtu haja ya kukinunua kwako. Ama hizi karata za mapambo ambazo siku hizi hutolewa chache chache, zikapewa nambari na kuitwa adimu kabla hazijauzwa, uadimu wake ni wa kutengenezwa. Aliyezichapa elfu mbili aweza mwaka ujao kuchapa nyingine elfu mbili kwa rangi tofauti.

Wamarekani walikwisha kulipata somo hili katika karata zao zenye picha za wachezaji wa besiboli. Karata ya Mickey Mantle ya mwaka wa 1952 iliuzwa mnadani mwaka wa 2022 kwa dola milioni 12.6. Sababu mojawapo ya uadimu wake ni kwamba kampuni ya Topps ilishindwa kuziuza zilizobaki, na kwa mujibu wa Sy Berger aliyekuwa mkubwa wa kazi hiyo, mwaka wa 1960 zilipakiwa katika tishari zikaenda kutoswa katika bahari ya Atlantiki. Nyingine zilitupwa na akina mama waliokuwa wakisafisha vyumba vya watoto wao. Baadaye watu walipoona bei yapanda, katika miaka ya mwisho ya 1980 na mwanzo wa 1990, kila mtu alinunua karata mpya akazifungia kabatini, na makampuni nayo yakachapa usiku na mchana. Leo karata za miaka hiyo zimejaa masandukuni na hazifikii hata gharama ya kuzisafirisha. Zile za 1952 zilipata thamani kwa sababu hakuna aliyeziweka. Hizi hazikupata kwa sababu kila mtu aliziweka.

Ubaya wa mambo wazidi mtu anaponunua kisichoonekana. Mwezi wa Desemba 2021 Logan Paul, kijana wa Marekani aliyepata jina kwa video zake, alinunua kasha lililofungwa kwa dola milioni 3.5. Aliambiwa ndani yake mna karata za Pokémon za chapa ya kwanza, na kulikuwa na watu wa kulithibitisha. Mwezi wa Januari 2022 lilipofunguliwa mbele ya macho ya watu, zilitoka karata za G.I. Joe, wale wanasesere wa kijeshi. Sisi husema mtu ameuziwa mbuzi ndani ya gunia. Huyu hata mbuzi hakumpata.

Msomaji aliyesoma chuoni atakuwa amekwisha kulikumbuka neno gharari. Vitabu vya fikihi vimekataza kumuuza samaki aliye bado baharini na ndege aliye angani, kwa kuwa mnunuzi hajui apata nini kwa fedha yake. Basi hizi pakiti ndogo zilizofungwa, ambazo mtoto hununua akitumai kwamba miongoni mwa karata kumi mna moja ya bei, zina tofauti gani? Mwaka wa 2001 wanavyuoni wa Saudi Arabia walitoa fatwa ya kuukataza mchezo wa Pokémon, na moja ya hoja zao ilikuwa kwamba unafanana na kamari. Walikuwa na hoja nyingine ambazo sizishiki. Hoja hii moja ina nguvu, na mabei ya miaka hii yameizidisha nguvu.

Kuhusu karata za kuchezea zenyewe, maneno ni mengi na hayakuanza leo. Kamari ni haramu, na aya za sura ya al-Maida hazikuacha nafasi ya ubishi. Karata bila ya fedha ndiyo palipo na mazungumzo. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamezoea kuupima mchezo kwa jambo unalolitegemea: unaotegemea fikira na hesabu huukaribia mchezo wa sataranji, na unaotegemea bahati tupu huukaribia mchezo wa dadu uliokatazwa. Hiyo Saudi Arabia, mwezi wa Aprili 2018, ilifanya mashindano rasmi ya karata za baloot mjini Riyadh, yakatolewa zawadi zilizozidi riyali milioni moja, na kelele zikawa nyingi baina ya waliofurahi na waliochukizwa. Mimi si mufti. Lakini naona ajabu kwamba mzee anayecheza bure barazani huambiwa anapoteza wakati wake, na kijana anayetoa mshahara wa mwezi kununua kasha asiloruhusiwa hata kulifungua huitwa mwekezaji.

Sisemi kwamba mtu asikusanye. Mwenye kuzipenda karata kwa michoro yake, akanunua kwa fedha ambayo haitamuumiza ikipotea, ana haki yake kama anayekusanya stempu. Huko Uingereza kipo chama cha wapenzi wa karata tangu mwaka wa 1972, na nyingi ya habari za asili ya karata tunazijua kwa juhudi za watu wa namna hiyo, waliokuwa wakitafuta kujua kuliko kutafuta faida.

Na huenda katika nyumba zetu zimo karata kuukuu, chini ya kasha la marehemu babu au ndani ya bweta. Mwenye kuzikuta asizifute kwa maji, wala asizifunge kwa mpira, maana mpira huacha alama. Atazame kama zina nambari pembeni; zisizo na nambari aghalabu ni za zamani zaidi. Kisha aitazame ree ya shupaza. Katika karata za Kiingereza, hiyo ndiyo iliyobeba alama ya ushuru wa serikali, ndiyo maana mpaka leo imepambwa kuliko wenzake, na mwaka wa 1805 mtu mmoja, Richard Harding, alinyongwa kwa kuighushi. Ushuru wenyewe uliondolewa mwaka wa 1960. Maandishi yaliyo juu ya ree hiyo humsaidia mjuzi kukisia pakiti ni ya miaka gani. Lakini kabla ya hayo yote azihesabu, na akikuta 51, aangalie tena ndani ya kasha.