NYARAKA ZA UMMA ZISIWE NA MWENYE FUNGUO

Mtu yeyote aliyepata kununua mchele au viazi katika soko la Kariakoo anaujua ugomvi wa kipimo. Muuzaji ana sado lake, mnunuzi ana macho yake. Debe tulilorithi lilikuwa la mafuta ya taa. Sado lilikuwa kopo la rangi ya Sadolin, likabaki sokoni baada ya rangi kwisha, hata mama wa nyumbani ambaye hajapata kupaka rangi ukuta katika maisha yake anaagiza sado la viazi bila ya kufikiri jina hilo limetoka wapi. Kopo la mfanyabiashara limekuwa kipimo cha watu wote. Hapana ubaya katika hilo, maana kopo likishakuwa tupu ni la aliyeliokota, na kampuni haina njia ya kuja Mtaa wa Swahili kudai malipo kwa kila sado linalojazwa.

Leo tunapenda kuzungumza juu ya kopo jingine, ambalo liko mikononi mwetu sote lakini mwenyewe hajalitupa. Nalo ni faili la kompyuta: barua, jedwali la hesabu, fomu ya maombi, muhtasari wa kikao.

Si zamani sana mwandishi wa maoni haya alikuwa katika duka moja la steshenari karibu na Mnazi Mmoja, akingoja kutolewa nakala. Mbele yake alisimama bibi mmoja aliyeteremka katika boti ya asubuhi kutoka Unguja, katibu wa kikundi cha wakulima wa mwani. Alikuwa na fleshi yake, na ndani yake fomu ya maombi aliyoijaza kwa msaada wa mtoto wa dada yake, ambaye anatumia programu isiyouzwa. Fomu yenyewe ilitoka katika ofisi ileile ambayo bibi huyo alikuwa anaiendea. Kijana wa duka alipoifungua, kila kitu kilikuwa kimekwenda upande. Hesabu za safu ya tatu zilikaa chini ya safu ya nne, kurasa tatu zilikuwa tano, na mahali pa kutia sahihi pamebaki peke yake katika ukurasa wa mwisho kama mgeni aliyechelewa kufika. Kijana akauliza, "Mama, hii imeandikwa kwa programu gani?" Bibi akamjibu, "Mwanangu, imeandikwa kwa Kiswahili."

Tulicheka, lakini kicheko hakikudumu. Alipoichapa vivyo hivyo na kuipeleka, ofisi ilimrudisha kwa kuwa fomu ilionekana imechezewa. Ikabidi iandikwe upya kwa malipo ya kila ukurasa, boti ya alasiri ikamwacha, na usiku ule akalala Buguruni kwa jamaa zake. Ofisi hatuitaji, kwa sababu kosa hilo si lake peke yake. Wala kosa si la bibi, wala la mpwa wake, wala la kijana wa duka. Jibu la bibi ndilo lililokuwa sahihi kuliko maneno yote yaliyosemwa siku ile: waraka umeandikwa kwa lugha inayosomeka na kila raia wa nchi hii, kwa nini basi usisomeke?

Hausomeki kwa sababu faili si karatasi. Karatasi husomwa na jicho, faili husomwa na programu, na kila programu ina alama zake za kuonyesha wapi jedwali linaanza, wapi ukurasa unakatika, herufi ziwe nene au nyembamba. Kwa miaka mingi kampuni ya Microsoft ilihifadhi barua zilizoandikwa kwa programu yake katika muundo ambao ufunguo wake ilikuwa nao yenyewe, na waliotaka kutengeneza programu nyingine za kuzisoma walibahatisha. Mwaka 2007 kampuni hiyo ilipoleta toleo jipya lenye muundo mpya, watu waliokuwa na toleo la zamani walijikuta hawawezi kufungua barua za wenzao mpaka waongeze kiraka. Mwaka uliofuata ndipo ilipoyaweka hadharani maelezo ya ule muundo wa kale, wakati ambapo maofisi ya dunia nzima yalikuwa yamekwisha kujaza makabati yao kwa mafaili ya namna hiyo.

Sisi tuliopita chuoni kabla ya kwenda shule ya Serikali tunalifahamu jambo hili kwa njia nyingine. Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: barua, hati za mashamba, madaftari ya madeni. Herufi za Kiarabu hazikuwa na p, wala v, wala ch, na kila mwandishi alitafuta njia yake. Huyu aliandika p kwa alama ya b, yule aliongeza nukta. Matokeo yake mtoto aliyehitimu vizuri, asomaye msahafu bila ya kukwama, akipewa barua ya babu yake anasimama katika mstari wa pili. Herufi anazijua zote, anachokikosa ni makubaliano ya mwandishi, na mwandishi amekwisha kufa. Hata hivyo barua ya babu ina huruma, kwa kuwa mwenye subira huweza kukisia. Faili la kompyuta halina huruma hiyo. Likikataa, limekataa.

Dawa ya maradhi haya ilipatikana zamani. Mwezi Mei 2005 shirika la OASIS lilipitisha muundo wa wazi wa nyaraka za ofisi uitwao OpenDocument, na mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, likaukubali kuwa kiwango nambari 26300. Maana ya neno "wazi" hapa ni kwamba maelezo ya alama zote yamechapishwa, na mtu yeyote, awe tajiri wa Marekani au mwanafunzi wa Chake Chake, anaweza kutengeneza programu ya kuyasoma na kuyaandika mafaili hayo bila ya kuomba ruhusa wala kulipa ada. Anayetaka kuhakikisha na alifungue faili la namna hiyo kama kifurushi kilichobanwa. Ndani atayakuta maneno yake mwenyewe, yameandikwa kwa herufi za kawaida, yanasomeka hata kwa macho.

Microsoft haikukaa kimya. Ilipeleka muundo wake ili nao upewe cheo cha kiwango cha kimataifa, katika kitabu cha kurasa zaidi ya 6,000. Kura ya kwanza, mwaka 2007, haikutosha. Mwaka 2008 muundo huo ukapita na kupewa nambari 29500. Afrika ya Kusini, Brazil, India na Venezuela zilikata rufaa, na rufaa hizo zikatupwa. Kwa hiyo mtu akituambia leo kwamba faili la Microsoft nalo ni kiwango cha kimataifa, hasemi uongo. Lakini kiwango hicho kina sura mbili, moja safi na moja ya mpito iliyobeba mizigo ya zamani, na katika ofisi zetu karani akibonyeza kuhifadhi bila ya kuchagua, inayotoka ni ile ya mpito. Ni sawa na mfanyabiashara aliyepeleka mizani yake kwa Wakala wa Vipimo ikapigwa muhuri, kisha akarudi kupimia ile nyingine iliyo chini ya meza.

Itafaa hapa tukumbuke historia yetu wenyewe, ambayo vijana wengi hawaijui. Kompyuta ya kwanza iliingia nchini mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mpango wa kuhamishia hesabu za Serikali katika mashine ulivurugika, hasara ikapatikana, na hesabu zikarudi mikononi mwa makarani. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Siku hizi marufuku hiyo huelezwa kama kichekesho, na sisi tuliozaliwa baada yake hatuwezi kudai kwamba ilikuwa dawa nzuri, maana ilituchelewesha sana. Lakini hofu iliyoizaa haikuwa ya kijinga. Waliokuwa wakiongoza waliona nchi changa ikinunua kwa fedha za kigeni mashine ambazo mgeni peke yake ndiye aliyejua kuzitengeneza, na ambazo zikiharibika Serikali haijui hata ina shilingi ngapi. Marufuku iliondoka. Hofu ile ingestahili kubaki kidogo.

Wala hatukukosa watu wa kutuonyesha njia. Mwezi Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili, ya kugawiwa bure. Mwaka uliofuata programu mama ya OpenOffice ikaufanya muundo wa OpenDocument kuwa wake wa kila siku. Yaani kwa muda mfupi tulikuwa na chombo cha lugha yetu, kimetengenezwa na watu wetu, na kiwango cha kimataifa kikakifuata nyuma. Ingekuwa nchi nyingine ingelipigiwa ngoma. Hapa kwetu ofisi ziliendelea kununua, na zisizonunua ziliendelea kunakili.

Juu ya kunakili tuseme wazi. Programu za wizi zimeuzwa Kariakoo kwa miaka mingi, na anayejifanya hajui hajapata kupita mitaa ile. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inakataza. Lakini ofisi ya umma inapomtaka mwananchi alete maombi yake katika faili la kampuni moja tu, inamwekea njia mbili: alipie leseni ambayo kikundi cha mwani hakina fedha zake, au aibe. Serikali isiyokubali wizi haiwezi kuandika masharti ambayo maskini anayatimiza kwa wizi.

Ndugu zetu wa Visiwani hawahitaji kuhubiriwa faida ya kiwango kimoja, kwa kuwa wao ndio waliotoa kiwango kikubwa kuliko vyote tulivyo navyo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, palikuwa na manung'uniko, hasa kwa watu wa Kimvita, na baadhi ya manung'uniko hayo yalikuwa ya haki. Pamoja na hayo, hakuna Muunguja aliyepata kumtoza Mnyamwezi ada kwa kusema "habari za asubuhi". Lugha iliwekwa katika makamusi na sarufi, ikawa ya kila aliyeitaka. Hivyo ndivyo kiwango cha wazi kinavyofanya kazi.

Nchi nyingine zimekwisha kuamua. Mwezi Julai 2014 Serikali ya Uingereza iliagiza kwamba nyaraka zinazohaririwa na kubadilishana kati ya ofisi zake na wananchi ziwe katika OpenDocument, na zile za kusoma tu ziwe katika PDF au kurasa za kawaida za mtandao. Mwaka 2024 jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani, lilitangaza kuhamisha kompyuta 30,000 hivi kutoka Microsoft kwenda LibreOffice. Hao si watu waliokosa fedha za kununua.

Kwetu vyombo vipo. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imeipa Mamlaka ya Serikali Mtandao kazi ya kuratibu na kusimamia viwango serikalini. Bara kuna Shirika la Viwango, lenye asili yake katika sheria ya mwaka 1975, na Zanzibar kuna Taasisi ya Viwango iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Tunachokitaka ni kidogo. Fomu ya umma itolewe katika muundo wa wazi, na ipokelewe katika muundo huo bila ya maswali. Kila zabuni ya programu za ofisi iseme kwamba programu itakayonunuliwa iandike na kusoma kiwango nambari 26300 kikamilifu. Na kumbukumbu ambazo Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inataka zihifadhiwe, zisiachwe katika mafaili ambayo mjukuu wetu atayasoma kwa kukisia.

Tunazijua hoja za wakubwa. Watasema makarani wamezoea, na mafunzo yana gharama. Ni kweli, na asiyekubali hajapata kukaa na mhasibu mwenye jedwali la miaka kumi lililosukwa kwa amri ndogo ndogo ambazo programu nyingine hazizifahamu. Majedwali ya namna hiyo yaachwe kwanza mahali yalipo. Hatujasema mtu yeyote anyang'anywe programu yake. Microsoft yenyewe imeiwezesha programu yake kuandika OpenDocument, na karani anachotakiwa kujifunza ni kuchagua mstari mwingine wakati wa kuhifadhi. Watasema pia kwamba sasa kuna mifumo ya ofisi mtandao na faili halisafiri tena. Ndani ya Serikali huenda ikawa hivyo. Bibi wa mwani hayumo ndani ya Serikali.

Kabla ya kuandikwa mwongozo wowote, lifanyike jaribio moja lisilo na gharama. Ichukuliwe fomu yenye jedwali, apewe karani wa Wete mwenye programu huria na karani wa Mtumba mwenye programu ya kununua. Kila mmoja aijaze, ampelekee mwenzake, mwenzake aihariri na kuirudisha. Kisha wote wawili wahesabu kurasa na watazame sahihi imekaa wapi.