Kabati ya Shosho Haitoshei Bedsita Yako

Tusidanganyane. Makochi ya shosho hayataingia kwa bedsita yako ya Umoja. Na tangu Pangani ya zamani ibomolewe kupisha maghorofa, familia nyingi za Eastlands zinajua kwamba siku ya kufunga virago inaweza kubisha mlango wowote.

Basi chagua mapema. Makochi, kabati na sufuria kubwa za sherehe, uza au mpe jirani anayeanza maisha. Kitu kinachotumika hakijapotea. Vitambaa vya makochi alivyofuma kwa mkono wake, weka kimoja, si kumi na viwili.

Lakini karatasi usiguse! Risiti za kodi na barua ya kupewa nyumba huonekana takataka hadi siku mtakayoulizwa nani mpangaji halali. Na kama sandukuni kuna kipande, kile kitambulisho ambacho kuanzia 1920 wakoloni waliwalazimisha wanaume Waafrika kutembea nacho, kikopo chake kikining'inia shingoni, usikiuze kama chuma chakavu. Hiyo ni historia ya Nairobi yenyewe.

Picha je? Jumapili hii kaa na shosho. Muulize huyu ni nani, hapa ni wapi, kisha andika majina nyuma kwa penseli. Picha isiyo na majina wajukuu wako wataitupa, na huwezi kuwalaumu.

Kochi utanunua jingine. Shosho akienda na yale majina, hata Gikomba huyapati.