Msiniambie Eti Hatuna Subira

Niliporudi Rwamishenye na kusimulia kwamba nimekaa saa mbili ukumbini Dar es Salaam nikisikiliza sitari, ile ala ya nyuzi ya Kihindi, kijiwe kizima kilicheka. "Saa mbili bila kucheza? Hiyo ni burudani au adhabu?" Mmoja akahitimisha: muziki wa hivyo ni wa Wahindi wenyewe, Mhaya hana subira nao.

Nakataa.

Nakiri, robo saa ya kwanza niliteseka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Nilidhani mpigaji bado anakaza nyuzi, kumbe alishaanza zamani! Sehemu ile inaitwa alapu: raga inafunguliwa taratibu, sauti moja moja, bila ngoma. Tabla ilipoingia, mzee aliyekaa mbele yangu akaanza kuhesabu mapigo kwa kiganja, 16, kisha anarudi mwanzo. Nikamfuata kimyakimya. Nikapotea, nikamshika tena. Kila mpigaji alipotua sawasawa kwenye pigo la kwanza, wazee waliguna: "Wah!"

Mguno ule uliniuma. Nilikuwa nimeusikia nyumbani utotoni, mpiga nanga akisimulia mashujaa na wasikilizaji wakimwitikia. Hakuna aliyelalamika kwamba utendi ni mrefu. Profesa M. M. Mulokozi aliandika tasnifu nzima ya udaktari, mwaka 1986, kuhusu tendi hizo za nanga za Wahaya. Leo sisi wenye nazo tunasema hatuna subira?

Tazama harusi zetu. Mpiga nanga analetwa kama pambo, wageni bado wanatafuta viti. MC anampa dakika kumi, na katika hizo kumi anaongea juu yake. Shujaa hajashika hata mkuki, DJ keshafungulia spika. Halafu tunalalamika vijana hawaipendi nanga. Wameisikia lini?

Yule mzee wa mbele yangu hakuzaliwa anahesabu 16. Lazima kuna siku alikalishwa, akaoneshwa. Hata mimi niliambulia kidogo kwa saa mbili tu.

Kwa hiyo, wanakamati wa harusi, nawaomba jambo dogo. Mpeni mpiga nanga saa moja. Zimeni spika, mpelekeeni rubisi yake, mkae chini. Akiwachosha baada ya hapo, nitakuja mwenyewe kijiweni mnicheke upya.