Kinacholiwa Leo Kisilipiwe na Mshahara wa Kesho

Mishahara ikitoka, nenda ukapange foleni kwenye ATM yoyote hapa mjini Mpanda, uangalie watu wanavyotoa pesa. Wengi wanaingiza kadi moja, wanachukua chao, wanaondoka. Lakini foleni haikosi mtu mmoja mwenye bunda la kadi lililofungwa kwa mpira, kila kadi imebandikwa kipande cha karatasi chenye jina na namba ya siri. Anaingiza ya kwanza, anatoa. Anaingiza ya pili, anatoa. Walio nyuma yake wanaguna, yeye hana habari nao. Kadi zile si zake. Ni za walimu, wauguzi, walinzi na wastaafu waliomkopa, naye anachukua fungu lake kabla mwenye mshahara hajauona kwa macho.

Huko kwa wenzetu mjadala mkubwa ni kama mtu anunue mahitaji ya kila siku kwa pesa taslimu au kwa kadi ya mkopo. Marekani ndiko kadi hizo zilikoanzia kuwa jambo la kila nyumba: mwaka 1958 benki moja kubwa ya California ilituma kwa posta kadi zipatazo 60,000 kwa wakazi wa mji wa Fresno, bila wao kuziomba, wakaambiwa wanunue kwanza, walipe baadaye. Kwetu Kashaulili, hapa Mpanda, kadi ya namna hiyo ni nadra. Tulizo nazo ni za kutolea pesa zetu wenyewe. Hata hivyo mkopo wa kadi tumeupata, ila umepinduka. Kule benki inamkabidhi mkopaji kadi. Huku mkopaji anamkabidhi mkopeshaji kadi yake na namba yake ya siri, kisha anarudi nyumbani mikono mitupu kungoja aletewe kilichobaki.

Shauri langu nalitoa mapema ili asiyelitaka asipoteze muda. Kinacholiwa leo kinunuliwe kwa pesa iliyokwisha kuingia. Iwe noti mfukoni au salio kwenye simu, hilo ni jambo dogo. Jambo kubwa ni kama pesa hiyo ni yako au bado ni ya mtu mwingine.

Wala sisemi kwamba kila deni ni baya. Mkulima wa tumbaku anakopeshwa mbolea kupitia chama chake cha msingi, tumbaku inauzwa, mbolea inakatwa, kinachobaki ni chake. Mtu anakopa cherehani, cherehani inashona, nguo zinalipa. Madeni hayo yana mguu wa kusimamia. Sukari haina. Robo kilo iliyokopwa Jumatatu imekwisha kunywewa chai kufika Alhamisi, lakini deni lake bado lina afya njema hadi mwisho wa mwezi, na siku linapolipwa nyumba haina sukari nyingine. Hapo ndipo mtu anapokopa mara ya pili, si kwa tamaa, bali kwa sababu ya pengo aliloliacha mwenyewe.

Ngoja tupige hesabu, maana mawaidha bila hesabu ni kelele. Tuseme mwalimu mmoja amekopa laki mbili za unga na mahitaji ya nyumbani kwa makubaliano ya kurudisha laki mbili na elfu sitini mwisho wa mwezi. Mikopo ya masharti ya aina hii ndiyo watu wanayoiita kausha damu. Mshahara unaingia, laki mbili na sitini zinatoka. Sasa mshahara una pengo, kwa hiyo anakopa tena laki mbili zilezile. Mwezi unaofuata vivyo hivyo. Mwaka ukiisha ametoa shilingi 720,000 za riba peke yake, na laki mbili za awali bado anadaiwa, hazijapungua hata senti. Pesa aliyolipia ule unga wa mwezi wa kwanza ingenunua unga wa miezi mingi. Na hakuna aliyemwibia, amepeleka mwenyewe.

Turudi mtaani. Zungukia maduka ya karibu na soko usome matangazo: “Leo taslimu, kesho mkopo.” Utacheka, maana ukirudi kesho tangazo litakuwa linasema vilevile. Lakini usidanganywe na tangazo. Chini ya meza lipo daftari, kona zake zimekunjika, na ndani yake wamo majirani karibu wote: Mama fulani sabuni moja na mafuta ya kupima, Baba fulani mkate na vocha, fundi fulani sigara tatu. Mimi daftari hili nalionea huruma kuliko ile mikopo mingine. Mwenye duka anakujua, alikuja msibani kwako, hakuandikii riba. Ukiumwa anangoja. Katika shida ya kweli daftari limeokoa watoto wengi wasilale njaa.

Lakini lina gharama yake, nayo haiandikwi popote. Mwenye deni hachagui duka. Jirani wa pili anauza mchele kwa bei nafuu, wewe unaupita ukiinamisha kichwa kwa kuwa kwa jirani wa pili hukopeshwi. Huwezi kubishana bei na mtu unayemwomba huruma. Tena anayeandika ni yeye, wewe hukumbuki. Unamtuma mtoto, “Mwambie baba atalipa,” mtoto anachukua sabuni, kesho yake anachukua sabuni na biskuti. Mwisho wa mwezi mnagombana na mtu mwema aliyewasitiri. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na wenye maduka waliwasikia. Wanunuzi nao wangesikia, kila nyumba ingekuwa na daftari lake dogo, tarehe upande mmoja, kiasi upande wa pili, mkalinganisha kila Jumamosi. Anayelazimika kukopa, na akope hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo wauza migebuka pale sokoni wanalijua bila kwenda chuo. Mwenye noti mkononi hubisha, hupindua samaki, huuliza bei ya fungu dogo. Anayesema “niandikie” hachagui sana. Wasomi wawili wa chuo cha MIT kule Marekani, Drazen Prelec na Duncan Simester, walilipima jambo hili na kulitangaza mwaka 2001. Waliwapa wanafunzi nafasi ya kushindania kwa mnada tiketi za mchezo wa mpira wa kikapu; nusu wakaambiwa watalipa taslimu, nusu wakaambiwa watalipa kwa kadi ya mkopo. Tiketi zilikuwa zilezile, lakini wa kadi walitaja bei iliyozidi ya wenzao kiasi cha maradufu. Sisi tumezoea kusema noti ya elfu kumi ukiichenji imekwisha. Tunasema kama malalamiko, kumbe ni faida! Uchungu ule wa kuichenji ndio unaotuzuia kununua visivyo na kazi. Kadi na daftari vinaondoa uchungu, lakini havipunguzi bei.

Na simu je? Hapa napenda kusema kwa uadilifu, kwa kuwa wako wazee wanaodhani kila kitu cha simu ni mtego. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, ilituondolea adha kubwa. Mkoa wetu ni mpana. Mtu wa Mishamo au Karema aliyetaka kumpelekea mtoto pesa ya shule mjini alimtafuta dereva mwaminifu akamwombea dua njiani. Leo pesa inafika kabla dereva hajawasha gari. Ni kweli inakatwa, na ndiyo maana tunaambiana “tuma na ya kutolea.” Ni kweli pia kwamba Julai 2021, serikali ilipoweka tozo ya miamala iliyoweza kufika shilingi 10,000 kwa muamala mmoja mkubwa, watu walirudi kwenye noti, hadi tozo ikapunguzwa, ikapunguzwa tena. Hayo ni mambo ya gharama, kila mtu apige hesabu yake. Kulipa kwa Lipa Namba pesa uliyonayo ni sawa na kulipa taslimu, tena kuna ujumbe unaobaki kama kumbukumbu, kitu ambacho noti haina.

Balaa linaanza pale salio linapoisha na simu inakataa kukubali kwamba limeisha. Unataka kulipa elfu nane, una elfu tano, simu inakuuliza kama ungependa kuongezewa kupitia Songesha au huduma nyingine ya jinsi hiyo. Unabonyeza moja. Hakuna aliyekutazama usoni, hakuna aliyekohoa, hukutoa jasho la kuomba. Umekopa ukiwa umesimama mbele ya nyanya. Deni hilo lina ada, na pesa yoyote itakayoingia, hata kama ni mchango wa matibabu uliotumiwa na ndugu, itaanza kulilipa deni kabla wewe hujaigusa. Huduma ni halali na masharti yameandikwa, simlaumu aliyeiweka. Nawaonya wanaoifanya kuwa posho ya kila wiki.

Wabaya zaidi ni wale wa programu za mikopo mtandaoni zisizo na leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila idhini. Waliokopa huko wanajua yaliyowapata: ukichelewa, ujumbe unatumwa kwa shemeji, kwa bosi, kwa katekista, kwa kila namba iliyo ndani ya simu yako, kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini matanga haya wanaalikwa hata usiowajua.

Atasimama mtu aseme taslimu nayo ina hatari. Naam, inayo. Nyumba huungua, wezi wapo, na panya hawajali sura iliyo kwenye noti. Kati ya tarehe 6 Januari na 5 Aprili 2025 Benki Kuu ilikusanya noti za zamani, za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003 pamoja na noti ya shilingi mia tano ya mwaka 2010. Aliyezisahau ndani ya godoro akazikumbuka baada ya hapo alibaki na karatasi. Kwa hiyo sikuhimizi kugeuza sanduku kuwa benki. Weka ndani pesa ya wiki, nyingine ikae inapolindwa.

Pingamizi ninaloliheshimu ni la mkulima. Anasema: “Bwana mwandishi, wewe unazungumza na wenye mshahara. Mimi pesa naiona mara moja kwa mwaka.” Ni kweli. Pesa ya Mpanda tangu zamani imekuja kwa msimu na kwa bahati. Reli kutoka Kaliua ililetwa huku na wakoloni kwa ajili ya madini ya risasi. Migodi ikafungwa, pesa ikaondoka nayo. Wachimbaji wa dhahabu leo wana, kesho hawana. Wa tumbaku amekwisha kukabidhi mzigo, malipo bado yako njiani. Na wa mpunga, kule Mwamkulu na Kakese, kuna anayeuza magunia yakiwa bado majani shambani, kwa bei ya kutupa, ili anunue dawa na chumvi. Huyo amelima kwa jasho lake, ameuza kwa njaa yake.

Kwake siwezi kusema “lipa taslimu” nikaondoka. Nasema hivi: wiki ya mavuno ndiyo wiki ya kuamua mwaka mzima. Kabla mnunuzi hajapima gunia la kwanza, tenga chakula cha nyumba hadi mavuno mengine, ukifunge, usikiuze hata ukitukanwa. Kilichouzwa kigawanywe kwa miezi iliyobaki, fungu la kila mwezi lijulikane na mke na mume, kwa sababu pesa inayojulikana na mmoja ndiyo inayoishia kwenye vinywaji na pikipiki. Kama kuna kikundi cha kuweka na kukopa kijijini, pitishia huko. Na viongozi wetu wakumbuke kwamba mkulima aliyecheleweshewa malipo yake, au mwalimu mwenye malimbikizo ya madai, hakwenda kwa mkopeshaji kwa upumbavu. Amesukumwa.

Lakini mwenye mshahara wa kila mwezi hana udhuru wa mkulima, na kwake maneno yangu ni makali zaidi. Kama uko ndani ya lile duara la laki mbili, usijaribu kuruka nje kwa mara moja, utarudi. Mwezi huu kopa laki moja na nusu badala ya laki mbili, mwezi ujao laki moja, halafu elfu hamsini, kisha usikope tena. Itakuwa miezi minne ya maharage na dagaa, nyama isionekane, na saluni ingoje. Riba yote ya miezi hiyo, kwa masharti yaleyale niliyoyataja, ni 150,000. Linganisha na ile 720,000.

Na kama kadi yako ya benki iko mkononi mwa mtu mwingine, kesho asubuhi nenda benki. Usione haya, si wewe wa kwanza. Waombe waifunge, wakupe mpya yenye namba ya siri mpya, usiiandike popote. Kisha mwendee mkopeshaji, muulize leseni yake, kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo, muandikishane ratiba ya malipo mbele ya shahidi, naye akupe risiti kila unapompa pesa. Deni lake mlipe lote. Ila ulipe kwa mkono wako mwenyewe.